Hesabu ya Matanga

Maji yalikuwa yanajaa, jua linazama, na mtoto hataki kulia.

Ilikuwa 2016, ufukweni Bagamoyo, karibu na jengo la zamani la forodha, pale kwenye soko la samaki. Filamu yangu ya kwanza kuiongoza. Mvulana wa miaka tisa alitakiwa asimame majini akimngoja baba ambaye hajarudi kutoka baharini. Teki saba, macho makavu. Mpiga kamera akanisogelea: "Dada, mwambie bibi yake kaanguka. Atalia mwenyewe."

Tumbo lilinikata. Mimi niliambiwa mama kagongwa na gari.

Nilikuwa na miaka kumi, naigiza, na dairekta alinitamkia hayo kamera ikiwa imeshawashwa. Nililia hadi nikatapika. Watu wakapiga makofi. Mama akatokea mzima wa afya, kabeba bakuli la vitumbua, nami nikaishika kanga yake nisiiachie mpaka usiku. Kila aliyeiona filamu ile alikisifia kile kilio. Mama akichelewa sokoni, hata nilipokuwa msichana mkubwa, moyo ulinienda mbio.

Nilipoanza kusomea uongozaji nikakutana na habari za Jackie Cooper, mwigizaji mtoto wa Marekani. Katika Skippy, filamu ya 1931, mwongozaji Norman Taurog alimtoa machozi kwa kumtisha kwamba mbwa wake anapigwa risasi. Taurog akapata Oscar. Jackie alikua, naye akawa mwongozaji, akashinda tuzo mbili za televisheni za Emmy; lakini kitabu cha maisha yake cha 1981 alikiita kwa ombi la yule mtoto: msimpige risasi mbwa wangu. Kilichoniuma zaidi ni kwamba Taurog mwenyewe alianza kuigiza akiwa mtoto. Alipajua pale mtoto anaposimama.

Nikamwambia mpiga kamera hapana, asubiri tu. Nikavua viatu, nikachutama pembeni ya mtoto, mawimbi yakitulowesha.

"Baba akichelewa kurudi, nyumbani huwa mnafanyaje?"

Akafikiri. "Tunakuja huku na bibi, Anti. Tunahesabu matanga. Tukikosea tunaanza upya."

"Basi hesabu."

Nikarudi nyuma polepole, nikampa mpiga kamera ishara. Mtoto akatazama baharini, akanyoosha kidole. Moja, mbili, tatu. Ngalawa zilikuwa zinarudi kweli. Alipofika sita akanyamaza. Akaanza tena. Mara ya tatu sauti ilikuwa imekwisha, midomo tu inacheza, na kidole kikabaki hewani kimeelekezwa mahali ambapo hapakuwa na chombo chochote.

Nilichelewa kusema "Kata!"

Akageuka, maji yamemfika magotini. "Anti, sasa nilie?"

"Hapana, baba. Nenda kwa bibi."

Bibi alikuwa ameketi ubavuni mwa mashua iliyopandishwa mchangani, kanga ya kumfutia maji keshaikunjua.