Mzee wa Mapigo Thelathini

Waliomleta walisema ana kifafa. Mzee wa miaka sabini na kitu, nahodha mstaafu kutoka upande wa Pangani, wiki ile alikuwa ameshaanguka zaidi ya mara moja, na safari ya mwisho alianguka akitawadha. Mkewe ndiye aliyenitia shaka. Alisema hakurusha mikono wala hakutoka povu. Alizimika tu, midomo ikampauka, kisha akazinduka na kuuliza kama adhuhuri imeshaadhiniwa. Kanzu ilinukia ubani, nikajua wameshapita kwingine kabla ya kuja kwetu. Sikuwalaumu.

Nilikuwa daktari tarajali, zamu ya usiku, katika hospitali moja ya pwani. Nilimwamkia, akaniitikia marahaba kwa sauti nzima ya mtu asiye mgonjwa. Nikamshika mkono kutafuta mshipa. Pigo likaja, zito, limejaa. Kisha kimya, hata nikadhani vidole vimeteleza. Likaja jingine. Kwa dakika nzima nikapata mapigo 30. Presha ilikuwa juu, na shingoni mshipa ulirukaruka kwa wakati wake, bila kufuata pigo la mkononi.

Muuguzi wa zamu, mama mmoja mkongwe wa kazi, alikuwa ameshaisogeza mashine ya ECG, ile inayochora umeme wa moyo, kabla sijafungua mdomo. Jeli ilikuwa imekwisha. Akachovya pamba kwenye maji ya chumvi, akaipachika chini ya kila kikombe cha mpira, sita kifuani, kisha vibanio vinne mikononi na miguuni. Mbinu hiyo si ya uswahilini peke yake: Willem Einthoven, Mholanzi wa Leiden aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1924 kwa kazi yake ya kunasa umeme wa moyo, aliwaambia wagonjwa wake watumbukize mikono na mguu kwenye vyombo vya maji ya chumvi.

Karatasi ikaanza kutoka, milimita 25 kwa sekunde. Nilikuwa nimefaulu mtihani wa somo hili, lakini mtihani hauna mgonjwa anayekutazama usoni. Nikaanza na yale mawimbi madogo, yanayoonyesha umeme ukisambaa vyumba vya juu vya moyo. Yalipangika vizuri, miraba mikubwa minne kati ya wimbi na wimbi. Kwa mwendo ule dakika moja ni miraba mikubwa 300; gawanya kwa nne, unapata 75. Halafu nikatazama vilele virefu, vya vyumba vya chini. Miraba kumi kati yake. Thelathini.

Muuguzi akachukua kipande cha karatasi, akakiweka chini ya mstari, akatia alama za kalamu penye kila wimbi dogo, kisha akakisogeza taratibu. Alama zikaangukia pale pale, wimbi baada ya wimbi. Hata lile lililojificha ndani ya kilele tulilipata. Mawimbi yalikwenda kwa mwendo wake na vilele kwa mwendo wake.

Umeme wa moyo huanzia kwenye kifundo cha seli katika chumba cha juu cha kulia, kinachojiwasha chenyewe mara 60 hadi 100 kwa dakika mtu akitulia. Ukishuka, hupita kifundo cha pili kilichoko mpakani, ambacho huuchelewesha kidogo kusudi vyumba vya juu vimalize kumimina damu. Hapo huingia kwenye fungu la His, matawi yake mawili, na nyuzi za Purkinje, ndizo nyaya zinazoufikisha vyumba vya chini. Kwa mzee wetu njia ilikuwa imekatika. Umri peke yake unaweza kuitia makovu, ingawa dawa nazo huweza kuiziba, kwa hiyo tuliagiza mifuko yote ya vidonge iletwe kutoka nyumbani. Vyumba vya chini vilikuwa vimejianzishia mapigo yao ya dharura, mapana na ya polepole. Kila yalipositasita, mzee alianguka.

Nilimweleza hivyo hivyo, nikimwonyesha karatasi. Akaitazama kwa muda.

“Kwa hiyo nahodha anaamrisha, na mabaharia hawasikii.”

“Ndiyo, mzee.”

“Basi chombo hakijazama kwa nini?”

Swali zuri kuliko yote niliyowahi kuulizwa na mwalimu.

Atropini, dawa ya kuharakisha moyo, haikubadilisha kitu, na kwa vilele vipana namna ile sikuitegemea sana. Tukamwekea dripu ya adrenalini, tukakesha naye, na kulipokucha akapewa rufaa ya Dar es Salaam, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, akawekewa betri ya moyo, kifaa cha kuamsha mapigo.

Nilimwona tena kliniki baadaye, amenenepa kidogo. Kwenye ECG mpya kila wimbi dogo lilifuatwa na kijistari cha betri, kilichonyooka wima, kisha kilele. Nikamkumbusha asiiweke simu kwenye mfuko wa kifuani, na aisikilizie sikio la kulia kwa kuwa betri iko kushoto.

“La kulia halisikii, mwanangu. Tangu zamani.”

Nikamwambia basi aweke spika. Mkewe akadakia kwamba afadhali hivyo, sasa na yeye atakuwa anawasikia wanaopiga usiku. Mzee akaniuliza kama hakuna dawa ya sikio.