Nilivyouchora mji kutoka kilima cha Welezo

Picha hii imenichukua miezi minne na mara mbili nimeipaka nyeupe yote nikaanza upya, kwa hiyo nnaeleza nilivyofanya labda itamfaa mwenzangu anaechora huku Unguja, maana wengi wetu tunachora milango ya Mji Mkongwe na majahazi kwa vile ndo wanavyonunua wageni, Ng'ambo, yaani mji ulio nje ya Mji Mkongwe, hatuigusi kabisa na mie ndo nilikozaliwa.

Nilitumia kitambaa cha amerikani futi 3 kwa 2, nikakivuta kwenye fremu ya mbao nikakipiga rangi nyeupe ya ukutani mikono miwili, halafu akriliki.

Kilichonitesa mwanzo ni jua. Nilikuwa napanda asubuhi kuna kibaridi, lakini ukiwa Welezo mji uko magharibi yako na jua liko mgongoni, kila bati linapata mwanga sawasawa, vivuli huvioni, mji wote umelala kama mkeka. Nikahamia saa kumi alasiri. Wallahi ni mji mwengine! Mabati mapya yanawaka, yenye kutu yanakunywa mwanga, na kila nyumba inakutupia kivuli chake.

Halafu nikichora paa moja moja. Sensa ya 2012 Zanzibar tulikuwa watu 1,303,569, ya 2022 tukafika 1,889,773, sasa utachora paa ngapi? Nikawa nafinya macho nione mapande tu, la mwanga na la kiza. Yale majumba ya Michenzani waliyotusaidia Ujerumani Mashariki baada ya Mapinduzi nikayafanya mstari mmoja mrefu wa kijivu kilichochanganywa na buluu, na huo mstari ndo ulioushika mji, nyuma yake bahari.

Mwezi wa tatu mzee mmoja anaekata majani ya ng'ombe akasimama nyuma yangu, "Mwanangu, mbona mwembe umeutia na haupo?" Nikatazama, kweli, "Babu, wameukata lini?" "Juzi."

Siku mbili sikushika brashi, iliniuma sana. Mwisho nikaufuta, nikabakisha kijani chake kizito pale chini, juu yake nikaweka nguzo nne zilizokwishasimama na nondo zimechomoza, nondo nimezichora kwa njiti ya kiberiti maana brashi yangu ndogo kuliko zote ilikuwa nene.