Betri ilikuwa nzima: nilivyoitafuta hitilafu ya chaji kwenye pikapu yangu ya dizeli

Gari la dizeli la zamani hujua kuficha ugonjwa. Likishawaka halihitaji cheche. Hewa iliyobanwa ndani ya silinda hupata joto la kutosha kuchoma mafuta, na umeme unaobaki ni ule mdogo wa kushikilia vali ya mafuta kwenye pampu. Kwa hiyo altaneta, mashine inayozungushwa na injini ili kuchaji betri, inaweza kulegea kazini siku nyingi nawe ukapita Waiyaki Way hapa Nairobi kama kawaida. Habari utaipata alfajiri, unapotaka kuliwasha.

Pikapu yangu ni ya Kijapani, ya 1996, lita 2.8, na hunibebea mboga kutoka soko la Marikiti hadi Uthiru. Baridi ya Julai ilipoingia ikaanza kugoma. Stata inazunguka kwa uvivu, taa za dashibodi zinafifia, jirani anaitwa aje na waya za kujampi. Fundi wa mtaani aliitazama betri tu, wala hakupima. "Mama, hii imekufa. Leta ingine."

Betri yenyewe ilikuwa haijamaliza mwaka, nami sikukubali. Betri ya dizeli si bei ya mchezo, maana lazima iwe kubwa: ilishe kwanza hita plagi zinazopasha silinda joto, kisha isukume injini yenye mbano mkali, na oili ikiwa nzito kwa baridi.

Nilinunua multimita, kifaa cha kupimia umeme, ya bei nafuu Luthuli Avenue. Betri nikaipeleka ichajiwe, ikalala bila kuunganishwa na kitu. Asubuhi ilisoma volti 12.6, ambayo ni betri iliyojaa, ingesoma 12.2 ningejua imebaki nusu. Nikairudisha garini, kijana wangu akapiga stata huku nikitazama namba. Haikushuka chini ya 10. Betri ikatoka kwenye orodha ya washukiwa.

Injini ikinguruma nikapata 13.3 kwenye betri. Nikawasha taa kubwa na feni ya hita, ikaanguka hadi 12.5. Chaji nzuri hukaa kati ya 13.8 na 14.5. Na ile taa nyekundu ya betri kwenye dashibodi? Imezima, kana kwamba kila kitu ni shwari. Taa hiyo hukuambia altaneta imeamka. Haikuambii inatoa kiasi gani.

Kabla ya kuigusa altaneta nilitaka kujua kama umeme unapotelea njiani, na kipimo hiki ndicho mafundi wengi hukiruka. Acha injini iwake na taa ziwe zimewashwa. Weka ncha moja ya multimita kwenye nati ya altaneta inakotoka chaji, nyingine kwenye chanya ya betri. Waya mzima husoma karibu na sufuri, ukipita 0.2, pana kizuizi. Wangu ulisoma 0.1. Nikahamia upande wa hasi, kutoka betri hadi kwenye bodi ya altaneta: 0.5. Waya wa athi, ule unaounganisha hasi ya betri na bodi, ulikuwa umeota kutu ya kijani chini ya bolti. Nikazima gari, nikaufungua, nikasugua pande zote kwa msasa, nikakaza. Ikarudi 0.1, lakini betri sasa ilipata 12.9 tu. Nusu ya ugonjwa bado ilikuwamo.

Feni belti ilikuwa imekaza vizuri. Nilichoona ni oili nyeusi chini ya altaneta. Dizeli nyingi za Kijapani za miaka ile zina pampu ya vakyumu nyuma ya altaneta, ya kusaidia breki, kwa kuwa injini ya dizeli haivuti hewa kwa nguvu kama ya petroli. Pampu hiyo hulainishwa kwa oili ya injini. Sili ikichoka, oili huingia kwenye altaneta na kuzilowesha kaboni, vile vipande vinavyogusa ringi za shaba kupeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka.

Pale Kirinyaga Road fundi alitaka kuchomoa temino ya betri injini ikiwaka, "tuone kama itazima." Nilimzuia. Dizeli kama hii haizimi hata altaneta ikiwa imekufa, kwa hiyo jaribio halikuambii kitu, na volti zikiruka ghafla zinaweza kuchoma daiodi, zinazogeuza umeme wa altaneta ufae betri, na katauti inayodhibiti volti. Alicheka, akafungua bolti. Kaboni zilikuwa fupi, na moja ilikwama kwenye tope la oili na vumbi. Akaweka kaboni mpya na sili mpya, akasafisha ringi za shaba.

Ilipofungwa tena: 14.2, na taa zikiwaka 13.9. Nikageuza multimita kwenye AC, yaani umeme wa mkondo geu ambao daiodi mbovu huuachia upite, kuangalia daiodi. Ikasoma chini ya 0.1, na ingezidi 0.5 ningeirudisha mezani. Mwisho nikapima umeme unaovuja gari likiwa limezimwa na milango imefungwa. Ulikuwa 0.03 ampea, ambao ni wa redio na saa. Kipimo hicho ukikifanya, usithubutu kupiga stata huku multimita iko kwenye njia ya umeme. Itaungua mkononi mwako.