Mbona Simwoni Hudhud?

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh, ndugu zangu katika imani.

Katika Sura An-Naml, aya ya 17 hadi ya 20, Nabii Suleiman (a.s.) amekusanyiwa jeshi lake na anawakagua ndege. Majini wapo, watu wapo, ndege wapo. Huyu ni mfalme aliyetiishiwa upepo, akapewa ufalme ambao hakupewa mwingine baada yake. Lakini mbele ya umati wote ule jicho lake linagundua pengo la ndege mmoja, na anauliza: "Mbona simwoni Hudhud?"

Karne nyingi baadaye, kule Madina, Mtume wetu (s.a.w.) alikuwa na ada ya kuizuru nyumba ya kina Anas bin Malik (r.a.). Anas alikuwa na mdogo wake, mtoto aitwaye Abu Umayr, na mtoto yule alikuwa na kijidege akikichezea. Siku moja Mtume akamkuta amenyong'onyea. Kijidege kimekufa. Akainama kwake akamwambia: "Ya Aba Umayr, ma fa'ala-n-nughayr?" Ewe Abu Umayr, kimefanya nini kile kijidege? Hadithi hii wameipokea Bukhari na Muslim, na maulamaa wamechota humo faida makumi kwa makumi, kuanzia ucheshi wa Mtume hadi adabu ya kumpa mtoto kuniya, yaani jina la heshima la "Abu fulani". Mimi wiki hii nimesimama kwenye jambo moja tu. Mitume wawili, mmoja akiwa mbele ya jeshi na mwingine akiwa mbele ya mtoto, wote wameulizia ndege mmoja asiyeonekana.

Sisi wa Mombasa tungeweza kuuliza swali hilo? Ili umkose mtu safuni ni lazima uwe ulikuwa ukimwona. Allah (s.w.) ametuambia katika Sura Al-An'am, aya ya 38, kwamba hakuna mnyama katika ardhi wala ndege arukaye kwa mbawa zake mbili ila ni umma kama sisi. Umma hizo tunaishi nazo kwenye paa moja, na wengi wetu hatuzijui hata majina.

Sasa hivi kaskazi imeshika, joto limepanda, na mji umejaa wageni. Sisemi wale wa mahoteli. Babu zetu walijua kwamba upepo huu ndio ulioleta majahazi kutoka Maskati na Bara Hindi, na kwamba ukigeuka kusi majahazi yatarudi. Ndege nao wana msimu wao. Nenda kwenye matope ya Tudor au Mikindani, pembezoni mwa mikoko, wakati maji yamekupwa. Utawaona kitwitwi kwa makundi wakikimbiakimbia. Wako aina nyingi, lakini mtafute yule mwenye mdomo mwembamba uliopinda kidogo kuelekea chini. Anauchoma mdomo ule topeni na kuuchomoa, anachoma na kuchomoa, bila kupumzika, kama fundi anayedarizi kofia ya vito. Uzito wake ni gramu 60 hivi. Naye alianguliwa Siberia, kwenye nyika ya baridi kaskazini kabisa mwa dunia.

Mtazame tena mwishoni mwa Machi. Kifua kilichokuwa cheupe kimeanza kuingia wekundu wa matofali, madoa madoa, kila siku wekundu unazidi. Huyo anajiandaa kurudi. Masika ikitanda kwetu, yeye yuko njiani kwenda kutaga huko wakati wa kiangazi chao, mwezi wa Juni, katika nchi ambako jua halitui hata usiku wa manane. Waislamu wanaoishi sehemu hizo huwauliza maulamaa waswali vipi magharibi na isha. Kitwitwi hana wa kumuuliza. Sura An-Nur, aya ya 41, inasema kwamba kila mmoja katika ndege wakunjuao mbawa zao amekwisha jua swala yake na namna yake ya kumtakasa Mola. Nilikuwa naisoma aya hiyo nikiwafikiria ndege wa dirishani wanaolia alfajiri, shore na tetere. Siku hizi nikifika hapo huwafikiria pia hawa wa matopeni, wanaokatiza mabara wakati sisi tumelala.

Umar bin Khattab (r.a.) amepokea kwamba Mtume (s.a.w.) alisema: lau mngemtegemea Allah ukweli wa kumtegemea, angewaruzuku kama anavyowaruzuku ndege, wanatoka asubuhi matumbo matupu na wanarudi jioni wameshiba. Hadithi hii tunaisoma sana misibani na kwenye mawaidha ya biashara, na mara nyingi tunaishia kwenye kuruzukiwa. Tunaruka palipotajwa kutoka. Ndege wa hadithi hii ametoka na njaa yake akaenda. Anayetaka kuiona tawakkul hiyo aende Tudor siku za bamvua, maji yanapotoka mbali na matope yote kuachwa wazi. Kila kiumbe pale yuko kazini.

Wenyeji nao wasisahauliwe. Mnana, yule wa manjano anayening'iniza viota kwenye minazi, anapatikana hata mitaa yenye makelele. Ukikaa chini ya mnazi wenye viota utaona anavyopata uzi wake. Anatua kwenye ukuti, anautia mdomo ukingoni, kisha anaruka huku amebana, na utepe mrefu unachanika wenyewe kwa kasi ya kuruka kwake. Anarudi nao kiotani, anajining'iniza kichwa chini miguu juu, anaupenyeza, anauvuta, anaupenyeza tena. Kiota kikiwa kibichi, cha kijani, mke huja kukikagua. Kikikauka bila kupata mke, dume hukifumua mwenyewe na kuanza upya. Nimeona watoto wa madrasa wakisahau mpira wakimtazama fundi huyu.

Lakini minazi mingi ya kisiwani leo ina wakazi wengine, na hapa moyo wangu unauma. Kunguru.

Kunguru huyu mwenye shingo la kijivu si wa kwetu. Asili yake ni Bara Hindi. Mwishoni mwa karne ya 19 aliletwa Unguja ili ale taka za mji, na kufikia miaka ya 1940 alishaonekana Mombasa. Taka akazila, akala pia mayai na makinda ya ndege wengine, na akamfukuza hata yule kunguru wetu wa asili mwenye kifua cheupe. Mwaka 2024 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, lilitangaza mpango wa kuangamiza kunguru milioni moja. Wako walioona ni ukatili. Katika sharia, kunguru ametajwa na Mtume (s.a.w.) miongoni mwa wanyama watano waudhi wanaoruhusiwa kuuawa hata na aliye katika ihramu. Papo hapo tumeamrishwa ihsani katika kila kitu, hata katika kuua, kwamba mnyama asiteswe. Yote mawili yasimame pamoja.

Ila mimi sitaki tuseme juu ya kunguru kana kwamba amejilisha mwenyewe. Ni sisi tuliomwandalia karamu. Ukipita Kongowea au Mwembe Tayari magharibi, au nyuma ya hoteli yoyote ya chakula mtaani mwetu, utaona anachokula: ugali uliomwagwa, matumbo ya samaki, mikate ya jana kwenye mifuko iliyopasuka. Hata sadaka za nyumbani, walima na hitima, wali unaobaki unaishia jaani. Sumu inaweza kupunguza kunguru mwaka huu, na jaa likamrudisha mwaka ujao. Tumefundishwa kwamba twahara ni nusu ya imani, na kwamba kuondoa udhia njiani ni tawi la imani. Kisha kinda la ndege chozi linaliwa kiotani kwa sababu hatukufunika pipa. Naliona hili ni jambo la kuhesabiwa nalo mbele ya Mola wetu.

Na kunguru ana darasa lake Qur'ani. Katika Sura Al-Maida, aya ya 31, mwana wa Adam amemuua ndugu yake na hajui amfanyeje maiti. Allah akamleta kunguru akafukuafukua ardhi kumwonyesha. Yule muuaji akalia: ole wangu, nimeshindwa kuwa hata kama kunguru huyu! Kila nikisindikiza jeneza nikawaona juu ya miti ya makaburini, aya hii hunijia.

Kuna bundi pia. Akilia juu ya paa, mitaa yetu hutikisika: atakufa fulani, nyumba ina kisirani, mpigeni mawe. Mtume (s.a.w.) alikanusha waziwazi kukisia nuksi kwa ndege, na akamtaja hama, ambaye wengi katika maulamaa wamemfasiri kuwa ni bundi. Bundi anakula panya. Mji wetu una panya wangapi? Anayemtazama ndege ili abashirie mauti ya jirani amekatazwa. Anayemtazama ili aone kazi ya Muumba ameitikia wito wa Sura Al-Mulk, aya ya 19: je, hawawaoni ndege juu yao wakikunjua mbawa na kuzikunja? Hakuna anayewashikilia ila Arrahman.

Mtu anaweza kusema mji umeshabanwa, ndege watakaa wapi? Namjibu kwa Bamburi. Kuanzia mwaka 1954 kiwanda cha saruji kilichimba mawe ya chokaa pale mpaka pakabaki shimo jeupe lisilo na udongo. Mwaka 1971 bwana mmoja Mswisi, René Haller, akaanza kupanda. Miti ya aina 26 ilijaribiwa, ikashika mitatu tu, mvinje ukiwa mmojawapo. Majani ya mvinje yakaanguka na hayakuoza, basi wakaletwa majongoo wakayatafuna, udongo ukapatikana taratibu. Leo ni Haller Park, msitu wenye mabwawa, na ndege wamejaa. Hakuna aliyewakamata akawaleta wote hao. Palipopatikana mti, maji na mdudu, walikuja. Anas (r.a.) amepokea kwamba Mwislamu akipanda mti au mmea, akala humo ndege, mtu au mnyama, basi ni sadaka kwake. Na tuangalie Kibarani: lilikuwa jaa la mji kwa miaka mingi, moshi na harufu vikiwalaki wageni kisiwani. Limefungwa, ikapandwa miti. Mombasa inaweza.

Vijana wetu wenye panda na ulimbo niwaambie kwa mapenzi. Ibn Mas'ud (r.a.) amesimulia kwamba walikuwa safarini na Mtume (s.a.w.), wakaona ndege ana makinda mawili, wakayachukua. Mama akaja akipapatika juu ya vichwa vyao. Mtume akauliza: ni nani aliyemhuzunisha huyu kwa watoto wake? Mrudishieni. Alitambua huzuni ya ndege kwa kuangalia mbawa zake tu. Wazazi na maustadhi tuwasimulie watoto habari hii kabla hatujawanyang'anya panda.

Kwa hiyo kabla ya Ijumaa ijayo naomba kila familia ichague pahala pamoja. Walio kisiwani wana ufuo wa Mama Ngina, chini ya mibuyu, baada ya swala ya alfajiri kabla jua halijawa kali. Wa Mikindani na Tudor wana mikoko, na maji yakijaa ndiyo nafuu kwa wasiotaka kutia mguu topeni, kwa kuwa ndege wote husogea na kujikusanya palipobaki pakavu. Wa Bamburi wana Haller Park na hifadhi ya Nguuni. Darubini si lazima. Kaeni kimya nusu saa, nyuradi za asubuhi zikisomwa polepole, na macho juu.

Kisha mtafuteni mzee mmoja mtaani, bibi au babu aliyezaliwa hapa, mwulizeni ni ndege gani walikuwa wakitua uani kwao alipokuwa mdogo. Waandikeni majina yao kwenye daftari la mtoto: waliopo upande mmoja, wasioonekana upande wa pili. Hudhud mwenyewe yupo pwani hii, mwenye kishungi na mbawa za mistari myeusi na myeupe, akidonoa chini kwenye nyasi fupi, kwa hiyo mtafuteni na yeye. Na mkiona ndege msiyemjua jina, mvuvi wa Tudor au mgema yeyote atawaambia.

Wabillahi tawfiq.