Wengi Wanaishi Hata Sasa

Binti yangu ameanza kipaimara. Juzi aliniuliza, "Baba, tutajuaje kama mitume hawakutunga habari ya Yesu kufufuka?" Nikamkumbuka mwinjilisti wetu, jioni ile kijana mmoja darasani alipomuuliza hivyohivyo.

Wenzake tulikuwa na jibu tayari: mitume waliuawa, na mtu hafi kwa uongo alioutunga mwenyewe. Mwinjilisti akatutuliza. Vifo vya mitume wengi, alisema, tumevipata kwenye masimulizi ya baadaye sana. Vyenye ushahidi wa mapema ni vichache: Yakobo wa Zebedayo, aliyeuawa na Herode; Yakobo ndugu yake Bwana, aliyepigwa mawe mwaka 62, habari iliyoandikwa na Josephus, mwanahistoria Myahudi asiyekuwa Mkristo; na Petro na Paulo, wanaotajwa na Klementi, kiongozi wa kanisa la Roma mwishoni mwa karne ya kwanza. "Hao washikeni, wanangu. Wengine msiwaapie."

Kisha akataka tufungue Biblia mahali pawili, kidole kimoja Wagalatia 1, kingine 1 Wakorintho 15. Giza lilishaanza kuingia, tukawa tumeinamia maandishi huku vidole vimebanwa katikati ya kurasa. Wagalatia: miaka mitatu baada ya kuitwa, Paulo alipanda Yerusalemu, akakaa kwa Kefa, yaani Petro, siku 15, akamwona na Yakobo ndugu yake Bwana. Wakorintho: anawakabidhi yale aliyoyapokea, na katika orodha ya waliotokewa na Yesu baada ya kufufuka wamo Kefa na Yakobo, walewale. Mwinjilisti akaandika ubaoni 30, mwaka wa msalaba (wengine husema 33), na chini yake 55, karibu na mwaka ambao barua hiyo ya Wakorintho iliandikwa huko Efeso. "Miaka 25. Harusi za bibi zenu ni za zamani kuliko hapo, na waliozicheza bado tunao."

Akasoma mstari wa sita polepole: ndugu zaidi ya 500, "wengi wanaishi hata sasa." Akarudia maneno hayo manne. Mtunga uongo, alisema, hawaelekezi wasomaji wake kwa mashahidi walio hai. Tena Korintho, ambako wapo waliosema "mimi ni wa Kefa", na merikebu zilikuwa zikienda na kurudi Efeso, hivyo wangeweza kuuliza.

Mengine aliyapitia haraka. Wanawake ndio wa kwanza kaburini, ilhali ushahidi wao haukuthaminiwa zama zile. Petro, kiongozi wao, anasimuliwa akimkana Bwana. Plinius, gavana wa Kirumi, aliwatesa watumishi wawili wa kike wa kanisa yapata mwaka 112, asipate njama yoyote, ila imani aliyoidharau.

Yule kijana hakuridhika: hao 500 ni akina nani? Mwinjilisti alikubali kwamba majina hayapo.

Kwangu mimi, ushahidi huu unatosha kuonyesha kwamba walisema walichoamini wamekiona, wakakisema mapema, mbele ya watu walioweza kuwapinga. Hatua inayobaki, ya mtu kusema mwenyewe kwamba Yesu alifufuka, nimeipiga kwa moyo wote; sina hakika kama ni hoja hizi zilizonifikisha.