Bufe kwenye safari ya michezo ya maji: piga hesabu kwanza

Familia nyingi za Dodoma zinazoshuka Dar kwa treni ya SGR kuwapeleka watoto kwenye michezo ya maji hukutana na swali la bufe: walipe bei moja na kujipakulia watakavyo, au waagize sahani moja moja? Kabla ya kulipa, uliza mambo matatu: bei ya mtoto inaishia umri gani, vinywaji vimo au la, na je, bei tayari ina VAT. Vinywaji ndivyo huumiza, maana watoto wakitoka majini hunywa sana.

Tuseme bufe ni 35,000 kwa mtu mzima na 17,500 kwa mtoto. Wazazi wawili na watoto watatu ni 122,500. Chipsi kuku sahani tano za 12,000, pamoja na soda za 10,000, ni 70,000. Hiyo tofauti ya 52,500 mtoto wa miaka mitano hawezi kuila. Atakula chipsi na soseji mbili, kisha anataka kurudi majini.

Kwa vijana wa miaka 14 na kuendelea, bufe inalipa. Wafike inapofunguliwa: baadaye samaki wa kukaanga hulainika na wali hukauka. Waanze na nyama, samaki na matunda, wali baadaye. Chakula kilicho vuguvugu tu kiacheni. Mkishashiba, pumzikeni kama saa nzima kabla ya bembea za kuzunguka, la sivyo mtatapika mlichokilipia.

Bufe nzuri kuliko zote ni ya asubuhi iliyomo kwenye bei ya chumba cha hoteli. Kuleni saa tatu, mchana matunda yatatosha.