Roho ya Ami

Kitindamimba wangu hana habari na nasaba wala na visa vya babu zake, lakini mpe picha ya zamani yenye gari ndani yake, hata kama limechomoza taa moja tu nyuma ya ukuta, atakesha nayo. Juma lililopita tulikuwa tunapekua lile sanduku la bati la marehemu mama, tukitafuta hati ya nyumba ambayo kila mtu anaapa aliiona kwa macho yake. Mimi nasoma karatasi mojamoja, yeye anapanga picha sakafuni, harufu ya udi uliolala miaka imetujaa puani. Ghafla akanyamaza, na huyu mtoto hanyamazi bure.

"Mama, hii gari gani?"

Nilitupa jicho tu. "Hiyo ni gari ya ami."

"Sikuuliza ya nani. Nauliza ni gari gani."

Ami ni ndugu wa baba yangu. Katika picha amevaa kanzu na kofia ya viua, kofia yenyewe ameilaza upande kama kawaida yake. Mkono mmoja uko kiunoni, wa pili ameushusha mbele ya gari, chini kabisa, kwa mkao ambao hata mtoto angejua si wa raha. Nyuma yake ni bahari na mbuyu. Gari lenyewe limesimama wima kama kabati la vyombo, boneti fupi, taa mbili za mviringo zimetumbua macho. Picha ni ya nyeusi na nyeupe, ila mimi rangi naikumbuka: ilikuwa kama chai iliyozidishwa maziwa.

Basi kijana akaanza kazi yake. Nilimponza mwenyewe nilipomwambia kwamba gia ya gari lile haikuwa chini, ilitoka kwenye dashibodi kama mpini wa mwavuli. Akadakia: "Citroën!" Ya kwanza akasema ni 2CV, halafu akajisuta, kwa sababu kioo cha mlango wa 2CV hukunjwa kwa juu na hiki chetu kimesukumwa upande. Akahamia Citroën Dyane. Akakuza picha kwenye simu, akahesabu nati za gurudumu, zikawa tatu, akafurahi. Kisha akanung'unika kwamba Renault 4 nayo ina nati tatu, na vioo vya kusukuma, na gia ya kwenye dashibodi. Tulikula chakula cha mchana tukiwa bado kati ya hizo mbili.

Kilichomaliza ubishi ni paa. La Dyane ni turubai la kukunja, na hili ni bati tupu. Ni Renault 4, gari ambalo Wafaransa walianza kuliuza mwaka 1961 wakatengeneza zaidi ya milioni 8. Akaniambia pia kwamba grili ile nyeusi ni ya plastiki, na plastiki ilikuja mwaka 1974, kabla ya hapo ilikuwa ya chuma, kwa hivyo picha haiwezi kuwa ya zamani kupita hapo. Na ajabu yake, akasema, magurudumu ya upande wa kulia yameachana zaidi kuliko ya kushoto, karibu sentimita 5, kwa sababu vyuma vya springi za nyuma vimelazwa mkingamo, kimoja mbele ya kingine. Alichukua rula kupima kwenye picha zetu mbili, hiyo ya ami peke yake na nyingine tuliyopigwa watoto upande wa pili wa gari. Rula haikusema kitu.

"Na hapa Kenya," akamalizia, huku ameshaanza kutafuta picha nyingine, "ikiitwa Renault Roho."

Nikaweka karatasi chini. "Ikiitwaje?"

"Roho. Renault Roho. Kwani hukujua?"

Sikujua. Miaka yote hii sikujua.

Ilikuwa Idi ya mwaka 1978. Tarehe siwezi kuikosea, kwa sababu Mzee Kenyatta alikuwa amefariki papa hapa Mombasa tarehe 22 Agosti, akazikwa Nairobi tarehe 31, na mwezi wa Idi ukaandama siku chache tu baadaye. Wakubwa walikuwa wanazungumza kwa sauti ya chini hata wakizungumzia pilau. Mama alikataza santuri isipigwe nyumbani. Sisi watoto tulikuwa na nguo mpya na mkono wa Idi unaotutoboa viganja, na hakuna aliyetaka kutupeleka Makadara kwenye bembea.

Alasiri ami akatokea mlangoni na gari. Gari! Katika ule ukoo wetu ambao mwenye baiskeli yenye taa alihesabiwa tajiri. Mtaa mzima wa Kibokoni ulitoka kutazama, na mama akatoka pia, ameshika mwiko.

"Shemeji, hii gari ya nani?"

"Hii ni Roho, shemeji."

"Roho yako ndiyo itakayokutoka siku moja."

Mimi nilikuwa na miaka minane. Nilielewa kwamba ami amesema gari hili ni roho yake, kwamba amelipenda hivyo, na nikaona ni maneno mazuri mno kwa mtu kuyasema juu ya bati. Nimeyakumbuka hivyo mpaka juma lililopita.

Tulijipakia saba. Mimi niliwekwa mbele, si kwa heshima, ni kwa sababu nikikaa nyuma ya gari hutapika. Tukashuka Ngomeni, tukashika njia ya kwenda Lighthouse, kwenye mihogo na madafu. Ndipo ami akaniambia nishike ile gia. Ilikuwa na kitufe cheusi cha mviringo, chenye joto la mkono wake. "Nikikwambia vuta, vuta. Nikikwambia sukuma, sukuma. Usitumie nguvu, zungusha tu kama mtu afunguaye mtungi." Yeye alikanyaga klachi, mimi nikavuta, na gari likatii. Sijui kama niliwahi tena kutiiwa na kitu kikubwa kama kile. Nimesomesha watoto wa chekechea miaka mingi, naweza kuapa kwamba hapana.

Tulipokaribia upande wa Ikulu akatokea askari, amesimama peke yake pembeni mwa barabara, amevaa sweta katika jua lile. Akainua mkono.

Ami akafunga breki. Gari lile lilikuwa na springi laini, haliwezi kusimama mara moja. Liliinama mbele, likainuka, likainama tena kidogo, kama mtu anayeitikia salamu ya mkubwa. Nyuma watoto wakanyamaza wote kwa pamoja. Ami akasukuma kioo. Kioo kile hufunguka nusu tu, kwa hivyo askari hakuweza kuingiza kichwa, ikabidi ainame na kuzungumza kwenye ule mwanya, nikamwona jicho moja na nusu ya mdomo. Injini ilikuwa inanguruma na kitufe cha gia kikitetemeka ndani ya kiganja changu. Nilikuwa sijakiachia. Hakuna aliyeniambia nikiachie.

"Gari ya nani hii?"

Nilimwangalia ami. Nilitaka kumwona akijibu kwa maringo kama alivyomjibu mama. Lakini ami alikuwa amefungua mdomo na hakuna kilichotoka. Tone moja la jasho lilitoka chini ya kofia, likapita mbele ya sikio, likasimama kwenye ndevu zake, likabaki pale. Niliweza kuliona jua ndani yake. Nadhani nililitazama lile tone kwa muda mrefu kuliko ulivyokuwa kweli. Huenda ilikuwa pumzi mbili tu. Nikaona huyu mtu mzima amesahau jawabu rahisi, kama watoto wenzangu wanavyosahau mbele ya mwalimu, nikamsaidia.

"Ni Roho ya ami yangu!"

Askari akageuza lile jicho moja kunitazama. Akatazama mkono wangu kwenye gia. Akatazama nyuma, watoto sita wamebanana kama dagaa, mmoja ameshamwaga ubuyu kwenye gauni jipya. Akacheka. Alicheka kwa kweli, mpaka akashika paa la gari. "Roho ya ami yako!" akarudia, na ami naye akacheka, akiwa amechelewa kidogo. "Haya mzee, ipeleke roho yako pole pole."

Nilidhani amecheka kwa kuwa nimesema neno la mapenzi. Kumbe labda yeye alikuwa analijua gari. Labda alichocheka ni kile kile mimi nisichokijua.

Yaliyobaki ni mafupi. Tulikula mihogo yenye pilipili na ndimu mpaka midomo ikavimba. Ami alininunulia fungu la pili, mimi peke yangu, akaniambia nitakuwa wakili. Mpiga picha mmoja alikuwa anazunguka na kamera yake, akatupiga hizo mbili. Kabla ya Isha gari lilikuwa limeondoka na hatukuliona tena. Nilipouliza niliambiwa liko "kazini". Baada ya miezi, ami mwenyewe hakuwa kazini tena, akashinda barazani akicheza bao, na mwaka wa pili yake akaenda zake Muscat kuendesha magari ya watu. Kutoka huko alituletea picha ameegemea Chevrolet Caprice refu kama jahazi. Mama aliitazama mbele na nyuma, akasema, "Na hii pia ni Roho?" na hakuna aliyecheka.

Sasa nirudi sakafuni. Kijana alikuwa bado anakuza picha. Aliniambia niangalie kioo cha mbele, kwenye waipa. Kulikuwa na kitu kidogo cheupe, mraba, kimening'inia kwa uzi. Yeye alidhani ni hirizi, au pambo la Idi.

Mimi nilikijua mara moja. Ami alikuwa fundi katika gereji moja upande wa Shimanzi, nami nilitumwa kumpelekea chakula mara nyingi. Kila gari la mteja likiingia lilifungwa kadi kwenye waipa: jina la mwenyewe, namba ya gari, na kazi itakayofanywa. Nilikuwa nazipenda zile kadi, niliomba zilizokwisha kazi nikachezea shule. Kwenye picha maandishi hayasomeki. Kijana alijaribu kila hila ya simu yake, na kila alivyozidi kukuza, ndivyo jina la mwenye gari lilivyozidi kuwa ukungu.

Na ule mkono wa ami, ulioshushwa chini kwa mkao usio wa raha, umelala juu ya namba za gari. Inaonekana herufi K tu. Na K haimfichui mtu. Magari karibu yote ya Kenya yalianzia hapo.

"Kwa hivyo aliiba?" kijana akauliza.

Nilimwambia hapana, mafundi ni mafundi, hata leo ukimwachia mmoja gari lako siku ya sikukuu usishangae kulikuta na mchanga wa pwani. Nilisema haraka mno. Baadaye nikakaa peke yangu jikoni nikiwaza lile jawabu langu. Lau ningenyamaza, pengine ami angesema kweli: ni gari la mteja, nimewatembeza watoto, naomba radhi. Pengine askari angemrudisha tu nyumbani na mambo yakaishia hapo. Au pengine angelala ndani usiku wa Idi. Na kuachishwa kazi, sijui kama kulitokana na siku ile au na jambo jingine kabisa. Ami alikuwa na mambo mengi.

Nikampigia shangazi Kisauni. Ndiye pekee aliyebaki wa tabaka lile, na sikio lake moja bado linasikia.

"Shangazi, ile gari ya Idi, aliyokuja nayo ami. Ilikuwa ya nani?"

"Ya ami yako."

"Lakini tumeona kadi ya gereji kwenye picha."

Kimya. Nilimsikia akimfukuza paka.

"Kwani wewe," akasema, "yule askari ulimwambia ni ya nani?"

"Nilimwambia ya ami."

"Basi. Na ile hati ya nyumba, mumeiona?"